Sura ya Fremu za Katoro: Nani Aamue Ukuta wa Mbele?

Mwenye fremu Katoro, mkoani Geita, siku hizi anapewa ushauri wa aina tatu, na kila mmoja unapingana na mwenzake. Fundi anamwambia ainue ukuta wa mbele, afiche bati na abandike tailizi, ili jengo lipate sura ya kisasa na kodi ipande. Viongozi wa kitongoji wanamwambia asubiri wenzake, safu nzima ipakwe rangi moja. Dalali naye anamwambia asitupe hela kwenye nyumba ya chini: aweke akiba, abomoe, apandishe ghorofa. Katikati ya mabishano hayo kuna hofu ambayo wengi hawaitaji mpaka waulizwe, nayo ni alama ya X inayochorwa kwenye majengo yaliyoingia hifadhi ya barabara.

Mkanganyiko huu una sababu zake. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza Katoro kuwa jimbo, lililomegwa kutoka Busanda. Juni mwaka huo huo likafunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, na magari yaliyokuwa yakipanga foleni ya kivuko yakaanza kupita moja kwa moja kutoka Mwanza kuja Geita, Katoro, Chato na hadi Bukoba. Mji ukipata jina na njia, watu hutazama kuta zao upya. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mjadala umeanzia kwenye rangi na tailizi, ambavyo vilipaswa kuwa vya mwisho.

Safu hizi zilitoka wapi

Safu ya fremu ni jengo refu lenye vyumba vya biashara vilivyopangana, kila kimoja na mlango wake wa chuma unaotazama barabara. Kuta za pembeni ni za ubia, bati ni moja, baraza ni moja. Nyuma kuna uani, choo, na mara nyingi vyumba vya wapangaji wa kulala. Jengo hili lina wazazi wawili. Mmoja ni nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ujia katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Mwingine ni duka la mfanyabiashara wa Kihindi katika miji kama Mwanza na Tabora, ambako mwenye duka aliishi nyuma au juu ya biashara yake na maduka yalishikana bega kwa bega.

Katika ukanda wa dhahabu, Katoro ikiwemo, safu hizi zilijengwa haraka. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na pembeni yao wachimbaji wadogo wa Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu wakaendelea kushusha maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Fedha ya duara haiji kama mshahara. Inakuja kwa mkupuo, kisha inakauka. Ndiyo maana majengo mengi yalipanda kwa vipande: mwaka huu boma, mwaka mwingine bati, na plasta ikapigwa upande wa barabara peke yake. Tofali la kuchoma mara nyingi lilijengewa kwa udongo, saruji ikabaki kwa ukuta wa mbele.

Kisha likaja suala la umiliki. Mwenye safu akifariki, fremu hugawanywa kwa warithi. Akibanwa na shida, huuza mbili tatu. Baada ya miaka michache safu moja ina wamiliki watano chini ya bati moja. Linganisha na Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako kota za mgodi wa almasi zilikuwa na mwenye nyumba mmoja: kampuni ikiamua rangi, rangi ilipakwa siku hiyo hiyo. Katoro hakuna anayeweza kuamua peke yake, na jengo lenyewe halikujengwa liamuliwe na wengi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni. Katoro na Buseresere zimeungana kiasi kwamba mpita njia hajui alipovuka, lakini Katoro iko Wilaya ya Geita na Buseresere iko Wilaya ya Chato. Mji ni mmoja, halmashauri ni mbili. Kanuni yoyote ya sura ya majengo itakayotungwa upande mmoja itaishia mpakani.

Kamba ya kupimia kwanza

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotoka rangi mbili za X. Aliyejenga ndani ya mstari wa zamani huwekewa X nyekundu: aondoke bila fidia. Aliyejenga kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria mpya huwekewa X ya kijani: anastahili kulipwa akitakiwa kupisha.

Kwa mwenye fremu, tofauti hii ina uzito kuliko uchaguzi wowote wa tailizi. Jengo lenye X nyekundu halistahili hata mfuko mmoja wa saruji zaidi ya kuziba paa linalovuja. Lenye X ya kijani linastahili matengenezo ya kawaida, na ni hatari kulipamba kwa matumaini kwamba gharama mpya zitahesabiwa kwenye fidia. Lililo nje ya mita 30, hapo mazungumzo ya sura yanaweza kuanza. Wengi hupima kutoka ukingo wa lami, na hilo ni kosa, kwa sababu kipimo kinaanzia katikati. Kwa barabara kuu wa kuulizwa ni TANROADS; kwa mitaa ya ndani ni TARURA. Na kuinua ukuta au kubadili muundo wa jengo kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, jengo liwe jipya au la zamani.

Hoja ya kwanza: kila mtu na fremu yake

Wanaotetea uhuru wa kila mwenye fremu wana hoja nzito. Biashara ya Katoro ni ya macho. Mteja anayeshuka kwenye basi kutoka Biharamulo ana muda mfupi, na duka lenye rangi kali, kioo safi na bango linalosomeka humvuta kabla hajauliza bei. Mwenye fremu akitengeneza sura mwezi huu, mwezi ujao anaweza kupandisha kodi. Akisubiri kikao cha warithi waliotawanyika Mwanza na Dar es Salaam, atasubiri hadi nondo zishike kutu. Uhuru huu pia unaendana na fedha inayokuja kwa mkupuo: aliyepata leo ajenge leo.

Udhaifu wake uko kwenye viungo. Fremu si nyumba inayojitegemea. Mmoja akiinua ukuta wake wa mbele mita moja juu ya bati na jirani akabaki na paa la mteremko, maji ya jirani yanagonga ukuta mpya na kugeukia ndani. Mmoja akinyanyua baraza lake sentimita 20 ili mafuriko yasimfikie, maji yanahamia kwa mwenzake. Kodi iliyopanda upande mmoja imelipiwa na plasta iliyobanduka upande wa pili. Kesi za namna hii huishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye hana mchoro wala kipimo cha kuamulia.

Uhuru huu una sura nyingine pia: kuta zinazopakwa bure na kampuni za simu na vinywaji. Mwenye jengo anaokoa gharama ya rangi, mpangaji anapata bango. Lakini ni vyema kuuliza rangi hiyo inaondolewa na nani mkataba ukiisha, maana ukuta mwekundu uliopauka kwa jua unahitaji mikono mingi ya rangi nyeupe kuufunika.

Hoja ya pili: safu moja, sura moja

Mfano unaotajwa sana na wanaotaka sura moja ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pale huwezi kubadili mlango, dirisha au roshani bila idhini. Faida inaonekana kwa macho: mitaa inasomeka kama kitu kimoja, na sura hiyo ndiyo inayoleta wageni.

Lakini Katoro si Mji Mkongwe, na wanaouiga mfano huo nusunusu wanasahau gharama yake. Idhini huchukua muda, mafundi wa kazi za zamani ni wachache, na mwenye nyumba maskini hushindwa kufuata masharti hadi nyumba ikachakaa mikononi mwake. Hata jengo lenye ulinzi wa serikali halikuokoka: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati.

Kwa Katoro, agizo la rangi moja lingekuwa rahisi kutoa na lisingetibu kitu. Rangi moja haizuii maji, haiongezi kivuli, haiondoi moto. Sura moja yenye maana ni ile ya vipimo: urefu wa paa, kimo cha baraza, mahali pa mtaro. Ugumu ni kwamba vipimo havipigwi picha siku ya uzinduzi, ndiyo maana viongozi huvipita.

Somo kubwa zaidi la Mji Mkongwe halihusu rangi, linahusu plasta. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nazo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia usoni. Zilipopigwa plasta ya saruji, unyevu ulikosa njia, ukapanda juu zaidi na kuzila kuta kwa ndani. Ukuta wa tofali la kuchoma lililojengewa kwa udongo una tabia inayokaribiana na hiyo.

Hoja ya tatu: usiguse, subiri ghorofa

Hoja ya dalali inategemea ardhi. Kiwanja cha barabarani ni ghali, fremu ya chini inatumia anga kidogo, na ghorofa moja juu yake ingezidisha mapato. Ni kweli pia kwamba misingi ya safu nyingi haikuchimbwa kubeba ghorofa, hivyo anayetaka kwenda juu lazima abomoe. Kwa mtu mwenye mtaji mkononi, hati safi na eneo lililo nje ya hifadhi ya barabara, hesabu hii inaweza kusimama.

Kwa wengi haisimami. Fedha ya dhahabu haitabiriki, na Katoro kama miji mingine ya ukanda huu ina maboma yaliyosimama kwenye kozi ya linta miaka nenda miaka rudi. Wakati wa kusubiri paa linavuja, mbao za kenchi zinaoza, mpangaji mzuri anahama. Na kubomoa fremu moja katikati ya safu kunaacha kuta za ubia zikiwa tupu upande mmoja, wakati ndizo zilizobeba mbao za paa za majirani wawili. Anayebomoa analazimika kuzishikilia kuta hizo kwa gharama yake, jambo ambalo dalali haliweki kwenye hesabu.

Paa la kuficha, chini ya darubini

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa, kwa sababu paa la kuficha ndilo ishara ya usasa Katoro kama ilivyo Kahama na Mwanza. Ukuta wa mbele unainuliwa, bati halionekani, jengo linaonekana kama sanduku safi. Uzuri wake ni wa kweli: mstari ulionyooka, nafasi ya bango, na fremu tano za zamani zinaonekana jengo moja jipya.

Tupige hesabu ya uzito. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 kwa 5 lina uzito wa kilo kama 25, na mita ya mraba inakula kama tofali 10. Fremu yenye upana wa mita 4 ikiinuliwa mita moja inaongezewa takriban tani moja, iliyokaa juu ya ukuta ambao pengine umejengewa kwa udongo. Bila mkanda wa zege wenye nondo chini yake, na bila nguzo za kuushika kwa nyuma, ukuta huo unasimama kwa uzito wake tu. Upepo unaotangulia mvua za Kanda ya Ziwa unatosha kuuangusha, na chini yake kuna baraza ambalo fundi cherehani na wateja wake hukaa.

Sasa maji. Safu ya fremu 10, kila moja mita 4 kwa 8, ina paa la mita za mraba 320. Mvua ya milimita 30 inamwaga juu yake lita 9,600, mara nyingi ndani ya saa moja. Zamani maji hayo yalitiririka kwenye ukingo mzima wa bati. Ukuta ukiinuliwa mbele na mteremko ukaachwa kuelekea barabarani, yote yanakusanyika kwenye mfereji mwembamba wa bati uliojificha kati ya paa na ukuta, kisha yanatafuta bomba moja au mawili. Jani la mwembe na mfuko wa nailoni vinatosha kuziba tundu la bomba. Maji yakijaa yanapanda juu ya kunjo la bati, yanaingia ukutani, na mwenye duka anaona doa la kahawia juu ya dari kabla hajajua paa lina mfereji.

Ipo njia salama zaidi: mteremko wote uelekee uani, ukuta wa mbele ubaki pazia jepesi tu, na maji yakusanywe nyuma kwa gata yaingie kwenye tenki. Mji wenye shida ya maji kiangazi hauna sababu ya kumwaga lita elfu tisa mtaroni. Pazia lenyewe linaweza kuwa la fremu ya chuma na bati lililonyooshwa, ambalo ni jepesi mara nyingi kuliko tofali. Halina hadhi ya ukuta, nakubali, lakini haliui mtu.

Kuna waya pia. Njia ya umeme kutoka nguzo ya TANESCO mara nyingi hufungwa kwenye ukingo wa paa, na mita ya LUKU iko usoni mwa jengo. Anayeinua ukuta anaukaribia waya wenye umeme. Kuusogeza ni kazi ya TANESCO, na maombi yapelekwe kabla ya tofali la kwanza.

Tailizi zina hesabu yake. Kinga yao dhidi ya vumbi jekundu na matope ni kubwa kuliko ya rangi yoyote: zinapanguswa kwa kitambaa. Zikibandikwa hadi kimo cha kiuno, kwenye ukuta mkavu na kwa gundi yake, zinafaa. Zikifunika ukuta mzima wa tofali la kuchoma unaovuta unyevu, zinaufungia maji ndani, na chumvi inazisukuma hadi zidondoke moja moja. Barazani tailizi zinazong'aa ni hatari wakati wa mvua. Zege lililopigwa ufagio au pevingi vinamfaa zaidi mama aliyebeba mtoto.

Baraza si nafasi iliyobaki

Wenye fremu wengi wanaliona baraza kama mita za mraba zisizolipiwa kodi, na ukarabati unakuwa kisingizio cha kulifunga kwa kioo na aluminiamu. Duka linakua, ndiyo. Lakini Katoro iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, ambako jua la adhuhuri haliinami sana mwezi wowote. Kwa jengo linalotazama kaskazini au kusini, paa la baraza la mita 1.5 linatosha kutia kivuli ukuta wa mita 3 adhuhuri mwaka mzima. Likifungwa, kioo kinapokea jua, na feni inafanya kazi iliyokuwa inafanywa bure na kivuli.

Baraza la safu ndiyo njia ya waenda kwa miguu. Fremu moja ikilifunga, mpita njia anashuka barabarani kwenye bodaboda na malori. Mwaka 2021, wamachinga walipopangwa upya nchi nzima, mabaraza mengi yalirudi kuwa njia. Kuyafunga kwa kioo ni kurudisha kizuizi kile kile kwa mlango mwingine.

Na kuna moto. Katika safu nyingi kuta za ubia zinaishia kwenye dari, na juu yake uwazi wa kenchi ni mmoja kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Moto ulioanza kwa hitilafu ya umeme kwenye duka la magodoro unapita juu ya vichwa vya watu na kushuka duka la sita. Ukarabati unaofungua paa ndiyo nafasi pekee ya kupandisha kuta hizo hadi zigonge bati. Kazi hiyo haionekani barabarani na haipandishi kodi hata shilingi. Kwa maoni yangu inapaswa kutangulia tailizi, pamoja na mlango wa nyuma unaofunguliwa kutoka ndani bila kutafuta ufunguo.

Mizani

Ukizipima hoja tatu, ya ghorofa inawafaa wachache wenye mtaji na hati, na kwa waliobaki ni njia ya kuacha jengo lioze. Zinabaki mbili, na kosa la mjadala wa Katoro ni kuzigombanisha kana kwamba lazima moja ishinde. Zinagawana ukuta. Yaliyo ya ubia yaamuliwe kwa ubia: mteremko wa paa na maji yake, kimo na upana wa baraza, mtaro, na kuta za kuzuia moto. Yaliyo ya mtu binafsi yaachwe kwake: rangi, mlango, kioo, bango. Hakuna sababu ya kumlazimisha muuza mitumba na muuza dawa wapake rangi moja, na hakuna sababu ya kumruhusu yeyote kati yao ageuzie maji yake kwa mwenzake.

Kwa wenye fedha kidogo mpangilio wa kazi ni huu: kipimo cha barabara, paa, mtaro, kuta za juu, baraza, na usoni mwishoni. Mpangaji akigharamia sehemu yoyote, iandikwe kwenye mkataba itakatwa vipi kwenye kodi na nini kitabaki akihama.

Halmashauri za Wilaya za Geita na Chato zina kazi moja hapa, na si kubwa: zikae pamoja, zitoe karatasi moja yenye vipimo vya paa, baraza na mtaro kwa safu zote za Katoro na Buseresere, ziibandike kwenye ofisi za vitongoji, na zihakikishe anayeomba kibali cha kukarabati anakipata kabla ya mvua. Wenye fremu nao wasisubiri karatasi hiyo ndipo wakutane. Kiangazi ndiyo wakati wa kupanda juu ya bati na majirani wote wa safu, mkaone maji yenu yanakwenda wapi.